Kutembea kwa Sauti

Ndani ya kiwanda cha kufuma nguo hakuna anayezungumza, kwa sababu mashine zimeshika zamu ya kusema na hazimpi mtu nafasi. Zinaanza asubuhi swichi inapobonyezwa, zinaendelea mpaka usiku, na ukimpigia mwenzako ukelele sikioni ataitikia kwa kichwa tu kwa heshima bila kusikia kitu. Kwa hiyo watu wa humo walijitungia lugha ya mikono. Kidole hivi, uzi umekatika. Kiganja vile, msimamizi anakuja, jitie kazini. Na si mambo ya kazi peke yake. Wanasengenyana, wanatongozana, wanabishana mpira, wanatukanana mpaka mtu ananuna siku nzima, yote kwa mikono, na hakuna aliyetoa sauti.

Mmoja aliyezeekea humo alikuwa fundi wa mashine. Jina lake la kazini lilikuwa Spana, na sidhani kama kuna aliyekumbuka jingine. Mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko gazeti. Angeweza kusimulia msiba, harusi na kisa cha jirani kwa wakati mmoja, huku bisibisi ikiwa imebanwa kwapani. Lakini akishatoka getini, mikono inaingia mfukoni na maneno yanabaki kiwandani. Nyumbani alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "mm".

Mkewe alikuwa msusi mwenye saluni ndogo mbele ya nyumba yao, na mtaa mzima ulimwita Mama Chanuo. Huyu, Mungu alimpa ulimi wa watu wawili, labda kwa kuwa alijua atamwoza kwa nani. Alizungumza akisuka, alizungumza akipika, na wapo walioapa kwamba alizungumza hata akipiga mswaki. Wageni wakimwuliza Spana habari za kazi, mke anajibu: "Kazi njema, ila mgongo unamsumbua." Wakimwuliza kama chai imekolea sukari, mke anajibu: "Imemtosha, yeye hapendi sukari nyingi." Spana anaitikia kwa kichwa, mambo yamekwisha. Usidhani hawakupendana. Walipendana sana, ila mmoja wao tu ndiye aliyekuwa akisema.

Kisha Spana akaanguka. Alikuwa amechuchumaa chini ya mashine akikaza nati, akainuka, na sakafu ikamjia usoni. Walipomfikisha hospitali, daktari alimbandika nyaya kifuani, akatazama mistari kwenye karatasi, akasema moyo wa mzee huyu haufuati mpangilio. Unapiga haraka, unasita, unaruka pigo, halafu unakimbia tena. Ni ugonjwa unaojulikana, dawa zake zipo, na watu wanaishi nao mpaka wanakula chumvi nyingi.

"Ilianza lini, mzee?" daktari akauliza.

Spana akainua vidole kuonyesha miezi. Vilikuwa vingi.

Mama Chanuo alivitazama vile vidole mpaka machozi yakamlenga. Mtu analala ubavuni mwake, anamjua hata anavyokoroma, na kumbe moyo ulikuwa unarukaruka hapo karibu naye miezi yote hiyo bila yeye kuambiwa. Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, na hakulilia ugonjwa, maana ugonjwa una dawa. Alilia kwa sababu sasa alijua jambo moja: mume wake akizidiwa hatasema. Atanyamaza mpaka aanguke, na safari nyingine huenda asiinuke.

Basi akamlea kama yai. Spana akiinama kuokota kandambili, mke ameshafika. Akinyoosha mkono kufungua dirisha, dirisha limeshafunguliwa. Ndoo za maji zilihamishwa zikafichwa kama vile ni bangi. Siku nzima Spana alikaa kwenye kochi akiangalia mikono yake, akanenepa tumbo na kukonda uso.

Walipokwenda kliniki ya moyo, daktari aliwapeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa mazoezi, binti mrefu mwenye raba nyeupe na sauti ya upole. Huyu alimsikiliza Mama Chanuo akieleza jinsi anavyomtunza mgonjwa, akamsikiliza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa mbali.

"Mama, pole kwa kazi," akasema. "Lakini ukimweka kitini hivyo utamharibu. Moyo huu unataka mazoezi. Ila yawe mazoezi yenye adabu. Atembee kila siku, aanze polepole na amalize polepole, asisimame ghafla. Asitembee kwenye jua kali. Dawa asiache hata siku moja, hata akijiona mzima. Na akisikia kifua kinabana, au kizunguzungu, au moyo umeanza vurugu zake, hapo hapo asimame, akae, na aseme."

"Aseme," Mama Chanuo akarudia, akamtazama mumewe.

Binti yao mkubwa alikuwa ameshamnunulia baba yake saa ya mkononi, zile zinazohesabu mapigo ya moyo. Mtaalamu akaigeuza geuza. "Nzuri, avae. Lakini kwa moyo unaorukaruka namba zake zinaweza kudanganya. Kipimo chenu ni mdomo. Akitembea, aweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Akiona anaweza hata kuimba, anajivuta mno, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha, apunguze."

Mama Chanuo akaangua kicheko. "Mwanangu, umekosa kipimo kingine? Huyu hata akiwa amelala kitandani hamalizi sentensi."

"Nitaongea," akasema Spana.

Wote wawili wakageuka kumwangalia. Hakuongeza neno.

Asubuhi ndio wakati wa wateja wa saluni, kwa hiyo Mama Chanuo hakuweza kwenda naye. Akajitolea Bobini. Huyu alikuwa rafiki wa Spana wa kiwandani, mfupi wa mviringo kama kile kidude cha kuzungushia uzi alichopewa jina lake, na mwezi huo alikuwa zamu ya jioni. "Shemeji, niachie mimi," alimwambia Mama Chanuo akijipiga kifua. "Nitamtembeza, nitamzungumzisha, nitakurudishia salama salimini."

Wakaanza. Kila asubuhi wanatia guu njiani, kila asubuhi wanarudi, na kila asubuhi Mama Chanuo anatoka mlangoni na chanuo mkononi, anauliza: "Mmeongea?"

"Njia nzima," Bobini anajibu.

"Njia nzima," Spana anakubali.

Mama Chanuo alifurahi, lakini tusifichane, aliona na wivu. Yeye amekaa na huyu mtu zaidi ya miaka thelathini akigombania vijineno viwili vitatu, na Bobini anapewa njia nzima. Akajisemea wanaume wana mambo yao. Ila kitu kimoja kilimkera. Mumewe alikuwa anarudi fulana imelowa chapachapa, anajilaza mkekani na kutazama dari, na akiulizwa hali anajibu "mm".

Ikapita wiki. Asubuhi moja alikuwa akimsuka mwalimu wa chekechea, amefika nusu ya kichwa, na yule mwalimu akauliza, "Mama Chanuo, hivi mumeo na yule mfupi wake wanamfukuza nani?"

"Wanamfukuza nani vipi?"

"Mimi nawaona kila siku nikienda kazini. Wanapanda kile kilima cha tangi la maji, mbio mbio, wanarusha mikono kama wamevamiwa na nyuki. Halafu kimya. Sijawahi kusikia hata neno moja. Nikadhani wamegombana."

Chanuo lilianguka chini. Mama Chanuo alitoka na aproni yake vilevile, akakata kona ya kwanza na ya pili, na mwalimu wa chekechea naye akamfuata nyuma, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, kwa sababu jambo kama hilo huwezi kuhadithiwa tu.

Akawaona kabla hajafika. Bobini alikuwa mbele anapanda mlima kinyumenyume. Lazima iwe kinyumenyume, maana ukizungumza kwa mikono sharti mwenzako akuone. Spana alikuwa akimfuata uso kwa uso, anakaza mwendo, kifua kinapanda na kushuka, na mikono yao yote minne inakatana hewani. Walikuwa wanabishana juu ya mechi. Hata mtu asiyejua ile lugha angejua ni mechi, kwa sababu Bobini alipiga teke hewa akataka kuanguka.

"Simameni hapo," Mama Chanuo akasema.

Wakasimama. Akamfikia mumewe, akamshika mabega. Midomo ya Spana ilikuwa na rangi ya jivu.

"Niambie mama yako mzazi aliitwa nani."

Spana akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, ikatoka pumzi na herufi moja. Mama Chanuo akamkalisha juu ya jiwe kando ya njia, akamlegeza kola, akamshika mkono, na pale kwenye kifundo ile saa ya binti yao ilikuwa inaonyesha namba nzuri tu, imetulia kabisa, haina habari. Walikaa hivyo mpaka uso wa Spana ukarudi kuwa uso. Ndipo Mama Chanuo akamgeukia Bobini.

"Wewe shemeji umeniambia mnaongea njia nzima."

"Haki ya Mungu tumeongea, shemeji," Bobini akasema, na mikono yake inasema pamoja naye. "Hatukunyamaza hata hatua moja. Mwulize mwenyewe. Mimi nimemweleza bao la pili lilivyoingia, yeye anabisha, anasema lilikuwa la kuotea, tumebishana toka kwenye mfereji mpaka hapa."

Mama Chanuo alimkazia macho kutafuta uongo, akaukosa. Yule mtu alikuwa ameumia kwa kutoaminiwa. Spana naye aliitikia kwa kichwa pale kwenye jiwe, shahidi wa upande wa utetezi. Kwa hawa wawili, huko ndiko kuongea. Waliambiwa waongee wakaongea, na wala haikuwapitia akilini kwamba kuna kuongea kwa namna nyingine. Mama Chanuo akataka kutukana, kikamtoka kicheko, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Mwalimu wa chekechea akamshika mkono, nywele zake zikipepea upande mmoja.

Kliniki waliwaona siku hiyo hiyo. Daktari alimpima Spana, akarekebisha dawa, akawapeleka kwa yule binti. Alipoelezwa, mtaalamu wa mazoezi alicheka mpaka akashika meza. Akafuta macho, akawa mtu mzima tena.

"Baba, mikono haihemi," akasema. "Mimi nilitaka maneno yapite kooni ili tujue pumzi inatosha. Ukiongea kwa mikono unaweza kuhubiri huku unakufa." Akavuta kiti karibu. "Sasa niambie. Kwa nini mbio hizo? Kwa nini mlima?"

Mama Chanuo akaanza, "Yeye kawaida yake..."

"Samahani, mama. Namuuliza baba."

Spana alitazama mikono yake, akaiweka magotini.

"Mashine zangu," akasema hatimaye. "Wamempa kijana. Kwa muda tu. Lakini msimamizi amesema nisiporudi mapema na nguvu zangu, wataniweka getini. Kwenye kiti. Nifungue, nifunge. Nikikaa kwenye kile kiti nitakwisha."

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Chanuo akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ungenikataza kutembea."

Ilikuwa kweli. Angemkataza, tena angemfungia raba kabatini. Akalimeza hilo, na halikushuka vizuri.

Mtaalamu akakata shauri. Tangu kesho yake Mama Chanuo ndiye atakayetembea naye, alfajiri kabla ya wateja, njia ya tambarare, na Spana ndiye atakayesema. "Na wewe mama," akaongeza, "usiseme. Ukianza kusema wewe, yeye atapumzika."

Sijui kati yao nani alipewa adhabu kubwa zaidi. Asubuhi ya kwanza walitoka wakakanyaga lami kimya kimya, Mama Chanuo akitafuna ubani ili mdomo upate shughuli. Aliona bati jipya la jirani, na alikuwa na maoni. Aliona mlango wa duka umepakwa rangi ya ajabu, na alikuwa na maoni makali. Akayabana yote. Mume naye alitazama huku na huku, akitafuta pa kuanzia.

"Mbuzi," akasema.

Alikuwa mbuzi kweli, kafungwa kwenye nguzo.

"Mbuzi mwingine," akasema baada ya muda.

Siku mbili nzima ilikuwa hivyo: mti, ukuta, mtu na baiskeli. Mama Chanuo akirudi saluni alimwaga maneno yaliyojazana kwa mkupuo, wateja wakalowa. Siku ya tatu Spana akaona pampu ya maji mbele ya nyumba ya mtu, inagonga. Akasimulia kwa nini inagonga. Kutoka kwenye pampu akahamia kwenye mashine zake. Akaifungua moja nati kwa nati njia nzima, akaisafisha, akaitia grisi, akaifunga, na walipofika nyumbani ilikuwa inafanya kazi. Mama Chanuo hakuelewa hata robo yake, lakini alisikiliza pumzi. Sentensi ikikatika katikati, anamgusa kiwiko, wanapunguza mwendo. Sentensi zikitiririka mno, anamgusa mgongo, wanaongeza.

Baada ya mashine wakaja watu. Ukitaka kujua, mtu aliyekaa kimya miaka mingi si kwamba hana la kusema, amepanga foleni tu. Asubuhi moja Spana akamweleza mkewe habari za mteja wa saluni yake, yule muuza vitambaa, na mgogoro wake na wifi yake. Akaieleza yote, na jinsi Mama Chanuo mwenyewe alivyomshauri.

Mama Chanuo akavunja sheria. "Wewe umejuaje? Tulikuwa ndani, mlango umefungwa."

"Dirisha lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara." Spana akatabasamu. "Sisi tunasoma midomo. Ukifanya kazi mle ndani miaka hii yote utasoma tu."

Mama Chanuo akasimama kama nguzo. Akili yake ilikimbia nyuma miaka yote, dirisha kwa dirisha, siri za mtaa mzima, na mambo aliyoyasema juu ya mama mkwe. "Yote?" akauliza.

"Yote. Nikitoka kazini masikio yanalia, siwasikii watu. Wewe nilikuwa nakuangalia mdomo. Sijapitwa na kitu chako hata kimoja." Akatembea hatua kadhaa. "Ndiyo maana sikuwa nasema. Nilikuwa nasoma."

Nikwambie ukweli, Mama Chanuo alitembea asubuhi ile kama msichana. Alikuwa amejipa jibu zamani kwamba anazungumza na ukuta, na akaamua kumpenda ukuta huo hivyo hivyo.

Siku nyingine, wakirudi kwa mwendo wa kumalizia, Spana akasema, "Ile miezi. Ulikuwa ukilala, mimi nasikia moyo unaruka. Nakuangalia. Nasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi nakuona unacheka na wateja, nasema kesho." Akanyamaza, na mke hakumgusa kiwiko. "Niliogopa. Nilidhani nikilisema ndio litakuwa la kweli."

Mama Chanuo alikuwa na maneno ya kumjibu, mengi mazuri. Akamshika mkono tu.

Zikapita wiki. Tumbo la Spana likarudi nyuma, uso ukajaa. Daktari akaridhika, akaandika kwamba anaweza kurudi kazini kwa kuanzia na kazi nyepesi, na msimamizi wa kiwanda akamwita aje wamwone. Yule kijana aliyeshika mashine zake alikuwa amezizoea, na msimamizi alikuwa amemwambia Bobini wazi: akija mzima anazichukua siku hiyo hiyo, asipokuja mzima tunafunga hesabu, kiti cha getini kipo.

Usiku Spana alilala vibaya kwa furaha. Asubuhi akavaa ovaroli iliyopigwa pasi, na wakaenda kwa miguu, kwa sababu kiwanda hakikuwa mbali na kwa sababu alitaka waone anavyotembea. Njiani alizungumza kama redio. Alikuwa akisimulia jinsi alivyowahi kuokoa mashine kwa kipande cha mkanda wa suruali, akashinda ameishika suruali kwa mkono siku nzima, na Mama Chanuo alikuwa akicheka, mpaka walipotokea kwenye barabara ya kiwanda. Wafanyakazi walikuwa wanaingia. Msimamizi alikuwa amesimama getini na makaratasi yake, kijana pembeni. Kiti chenyewe kilikuwa pale pale nyuma yao, kimeegemea ukuta.

"Basi nikaukata ule mkanda," Spana akasema, "nikaufunga kwenye..."

Sentensi haikufika mwisho. Mama Chanuo akamtazama. Hakuwa anahema. Alikuwa amesimama tu, anasikiliza kitu ndani yake.

Ng'ambo ya barabara Bobini alikuwa amewaona. Akanyanyua mikono juu ya vichwa vya watu akauliza, na watu kadhaa wakageuka kuangalia jibu, kwa sababu wote walikuwa wanaijua lugha hiyo: Vipi? Uko sawa? Mkono wa Spana ukapanda wenyewe. Kiganja kikagusa kifua kikaanza kwenda mbele, vile wanavyojibu wote wa humo ndani kila siku bila kufikiri: mzima, hakuna neno.

Kikaishia njiani. Kikashuka, kikashika bega la mkewe.

"Mama watoto," akasema. "Moyo umeanza kuruka. Na kizunguzungu kidogo. Nikalishe."

Alisema kwa sauti. Watu walisikia. Mama Chanuo akamshika kiuno, akamkalisha kwenye ukingo wa mtaro palipo na kivuli, moyo wake mwenyewe ukienda mbio kuliko wa mgonjwa. Bobini alikuwa ameshavuka barabara. "Naleta gari," akasema kwa mdomo mtupu, mikono imemganda ubavuni, akatimka kuelekea kituo cha teksi kwa kasi ambayo daktari asingeiruhusu.

Msimamizi akaja na makaratasi yake. Hakuwa mtu mbaya. Akainama kidogo. "Mzee, kuna tatizo? Unaumwa?"

Mama Chanuo alikuwa na uongo tayari ulimini, tena mzuri. Hajala tangu asubuhi. Jua limempiga. Ni furaha tu, mwache apumzike dakika mbili. Alijua mashine zile ni nini kwa mume wake kuliko mtu yeyote pale, maana zimefunguliwa na kufungwa mbele yake nati kwa nati. Akavuta pumzi auseme.

"Ndiyo, naumwa," Spana akasema. "Moyo wangu unaruka, na leo siwezi kufanya kazi, kwa hiyo naenda hospitali wanitazame, na wakisema nimepona nitakuja tena kuomba, na kama zamu yangu imepita, basi mwambieni huyu kijana ile mashine ya pembeni asiilazimishe asubuhi, aiache ipate joto kwanza."

Kijana akaitikia kwa kichwa. Msimamizi akaandika kitu, akasema haya mzee, pole, kapone kwanza, tutazungumza.

Mama Chanuo hakuwasikia vizuri wote wawili. Alikuwa anasikiliza ile sentensi. Ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia, na pumzi ilimtosha mpaka nukta ya mwisho. Akakaa chini kwenye ukingo wa mtaro karibu naye, mbele ya kiwanda kizima, akalia kwa furaha bila kujificha, na mumewe, walipokuwa wanasubiri gari, akaendelea kumweleza kwa sauti anavyojisikia.